Nyumba Mbili za Mji Mkongwe

Boti iliyoondoka Dar es Salaam asubuhi ilitufikisha gati ya Malindi, Unguja, baada ya mwendo wa takriban saa mbili. Alhamdulillah, bahari ilikuwa shwari, na watoto, ambao usiku kucha hawakulala kwa furaha, walikuwa wa kwanza kushuka. Kwa wengi tuliosafiri nao ile ilikuwa safari ya mapumziko. Sisi tulikuwa na jambo jingine mioyoni. Mwaka 2020 tulikodi nyumba mbili katika mji huu, hatukulala hata usiku mmoja katika yoyote kati ya hizo, na sasa tulikuwa tunakwenda kuonana ana kwa ana na wale waliotukodisha.

Ndugu msomaji atakumbuka jinsi mwaka ule ulivyoanza. Familia yetu ilikuwa na harusi. Binti wa dada yetu alikuwa aolewe Unguja siku ya Ijumaa, Aprili 3, ndani ya mwezi wa Shaaban, wiki tatu kabla ya Ramadhani. Wageni wangetoka Dar es Salaam, wangetoka Muscat, ambako ndugu wa babu yetu walihamia zamani, na wangetoka Leicester kule Uingereza. Tulikuwa watu kumi na saba, wakiwemo wazee wasioweza kupanda ngazi nyingi na watoto wachanga. Hoteli haikutufaa. Tulihitaji jiko, sebule ya wanaume, na chumba ambacho akina mama wangeweza kukaa na stara zao bila wasiwasi. Kwa hiyo tukatafuta nyumba za kukodi kwa siku chache.

Nyumba za namna hiyo ni nyingi Mji Mkongwe. Tangu mji huu ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, wenye nyumba wengi wamejifunza kwamba ghorofa ya juu iliyobaki tupu baada ya watoto kuoa na kuolewa inaweza kuwapatia riziki. Hutandika vitanda, hutengeneza choo, huweka feni, kisha hupokea wageni kwa usiku mmoja au kwa wiki. Wengine hufanya hivyo kwa kufahamiana tu. Wengine huziweka nyumba zao katika kampuni za mtandaoni. Kwa kawaida kampuni hupokea fedha ya mgeni kwa kadi ya benki na kuishika, hungoja mpaka mgeni aingie nyumbani, ndipo humpelekea mwenyeji chake baada ya kukata ujira wake.

Sisi tulitumia njia zote mbili. Nyumba ya kwanza, iliyoko Mkunazini, ilikuwa ya mama mmoja mjane, nasi tuliipata kupitia kampuni moja ya mtandaoni, kwa sababu ndugu zetu wa ng'ambo ndio waliolipa na kwao kadi ilikuwa njia nyepesi. Walilipa dola 400 zote mwezi wa Januari. Nyumba ya pili, iliyoko Kiponda, ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa fundi seremala. Yeye hakuwa na kampuni. Tulielekezwa kwake na jirani, tukazungumza naye kwa simu, tukamtumia arbuni ya shilingi 300,000.

Kisha mambo yakaja moja baada ya jingine. Februari 27 Saudi Arabia ilisimamisha umra. Machi 11 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa maradhi ya korona ni janga la dunia nzima. Machi 16 mgonjwa wa kwanza alitangazwa Tanzania Bara, na siku mbili baadaye Zanzibar nayo ikatangaza wake. Machi 23 watu wa Uingereza waliamriwa kubaki majumbani. Mwisho wa mwezi ule Oman ikasimamisha ndege za abiria, na mwezi wa Aprili anga ya nchi yetu nayo ikafungwa kwa safari za abiria za kimataifa, mpaka Mei 18. Binti yetu aliozeshwa Dar es Salaam, katika sebule ya baba yake, mbele ya walii, mashahidi na watu wachache mno. Ndoa ilitimia, na Mwenyezi Mungu (S.W.) aliitilia baraka. Ila nyumba zetu mbili za Unguja zilibaki na vitanda vilivyotandikwa.

Hapo ndipo yalipotokea mambo mawili tofauti kwa msiba mmoja.

Kampuni ya mtandaoni ilituletea ujumbe kwamba, kwa sababu ya janga, mgeni yeyote anaweza kufuta safari na kurejeshewa fedha yote. Kijana wetu mmoja alibonyeza simu mara mbili, na siku chache baadaye dola 400 zilikuwa zimerudi katika kadi. Tulisema alhamdulillah. Hatukumpigia simu mwenye nyumba. Haikutujia hata fikra ya kumpigia, kwani tuliona kana kwamba tulikuwa na shughuli na kampuni tu.

Kwa mzee wa Kiponda hapakuwa na cha kubonyeza. Ilibidi tupige simu, na kwa kweli tulipiga kwa unyonge, tukijua kwamba tunadai. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Fedha yenu, wanangu, nishanunulia boriti na chokaa. Sikatai kuwa ni yenu. Mnanipa muda?" Tulizungumza karibu nusu saa, tukiulizana hali za nyumbani zaidi kuliko habari za fedha. Tukakubaliana kwamba shilingi 150,000 atazirudisha kidogo kidogo mambo yatakapotengemaa, na 150,000 zilizobaki zitakaa kwake kama kodi ya siku tutakazokuja, In shaa Allah. Kuanzia Novemba alituletea shilingi 50,000 kila mwezi, na Januari 2021 alimaliza. Kila alipotuma fedha alitupigia simu pia.

Kwa hiyo siku tuliposhuka gati ya Malindi tulikwenda kwake kwanza. Tulipita Barabara ya Mizingani, mbele ya ile Zahanati ya Kale yenye roshani za mbao zilizochongwa, kisha tukaingia ndani ya mji, kwenye vichochoro ambavyo mtu akipanua mikono hugusa kuta za pande zote mbili. Jua la Adhuhuri halifiki chini kule. Watoto walisimama kila penye mlango wa njumu za shaba, wakizihesabu. Mabibi walipita na vikapu vya kutoka Darajani, na kila baraza lilikuwa na mtu wa kuitikia salamu.

Mzee alikuwa ametukalia barazani. Alituingiza, akatuandalia kahawa na halua, kisha akawachukua watoto mpaka chumba cha juu na kuwaonyesha dari. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikiliwa na boriti za mikoko. Boriti zikioza, sakafu ya juu huanza kushuka. Akanyoosha bakora yake kwenye boriti nne zilizokuwa na rangi nyepesi kuliko nyingine. "Hizi ndizo arbuni ya mama zenu na baba zenu," aliwaambia. "Lau wangelitaka fedha yao siku ileile, ningelikwenda kukopa, na dari hii ningeliiacha kama ilivyokuwa." Usiku ule tulilala chini ya boriti zile, kwa zile shilingi 150,000 zilizokuwa zimetungoja miaka yote hiyo.

Siku ya pili tulikwenda Mkunazini.

Mlango ulikuwa uleule tuliouona kwenye picha. Mama mwenyewe alitufungulia, kanga mabegani, akatukaribisha kwa heshima kama wageni wengine wowote. Tulipomweleza sisi ni nani alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Harusi ya Aprili. Nilikuwa nishakuwekeeni udi." Alituketisha, akaagiza maji ya ukwaju, na kwa kuwa tulimuuliza, akatueleza yaliyompata.

Katika biashara yake miezi ya mwanzo wa mwaka ndiyo humlisha mwaka mzima, kwani mvua za masika huondoa wageni. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki tano. Mwaka uliofuata idadi hiyo ilishuka mpaka karibu nusu. Mwezi wa Februari, kwa kutegemea nafasi zilizokwisha kuwekwa, alikopa shilingi 800,000 katika kikundi chake cha akina mama cha kuweka na kukopa, akatengeneza choo cha juu na kununua magodoro mapya. Katika siku kumi za mwezi wa Machi nafasi zote zilifutwa. Kila akifungua simu alikuta jina la mgeni mwingine limeondoka, na hakuna aliyemwambia neno. Wale kina dada wawili waliokuwa wakimsaidia kufua na kupika aliwarudisha kwao shamba. Deni la kikundi alilimaliza baada ya kuuza bangili zake mbili za dhahabu, zilizokuwa za mahari yake.

Tulimwambia kwamba tunasikitika. Akatikisa kichwa. "Ilikuwa haki yenu, na wala sidai kitu. Mgeni hakuja, atalipaje? Lakini mngalinipigia tu, wanangu."

Hatukuwa na la kujibu. Lau angetulaumu kwa kuchukua fedha, tungejitetea, kwa sababu hoja tulikuwa nazo. Lakini hilo alilotulaumu kwalo halikuhitaji senti hata moja kwetu, nasi hatukulifanya.

Yaliyomfika mama huyu yaliwafika wenyeji katika kila pembe ya dunia. Mfano unaojulikana zaidi ni wa kampuni ya Airbnb, iliyoanzishwa San Francisco, Marekani, mwaka 2008. Machi 14, 2020 kampuni hiyo ilitangaza kwamba wageni waliokwisha kuweka nafasi kwa siku za karibuni wanaweza kufuta na kurejeshewa fedha yote, hata kama masharti aliyoyaweka mwenye nyumba yalisema vingine. Wenyeji walilalamika sana. Machi 30 mkuu wa kampuni, Brian Chesky, aliwaandikia barua ya kuwaomba radhi kwa kuwa uamuzi ule ulitangazwa bila ya kushauriana nao, na akaahidi dola milioni 250 za kuwafidia. Lakini fidia ile ilikuwa robo tu ya kile ambacho mwenyeji angepata kwa masharti yake. Aliyekuwa na nyumba ya dola 400, na masharti yake yakisema mgeni akifuta hurejeshewa nusu, angepata dola 200 katika hali ya kawaida. Kwa hesabu ya robo alipata 50. Kampuni yenyewe nayo iliumia, na mwezi wa Mei ikawaachisha kazi watu wapatao 1,900.

Hatusemi kwamba uamuzi ule ulikuwa dhuluma. Wageni wengi nao walikuwa wamepoteza kazi, na kumlazimisha mtu asafiri wakati wa maradhi kwa kuogopa kupoteza fedha yake kungeliweza kuua watu. Tunaloliona ni kwamba hasara ya watu wawili iliamuliwa na wa tatu aliye mbali nao, na kwa kuwa iliamuliwa kwa kubonyeza tu, hakuna kati ya wale wawili aliyelazimika kujua mwenziwe yuko katika hali gani.

Alasiri ile tulimuuliza maalim mmoja, baada ya darsa yake msikitini, kuhusu jambo letu. Alitujibu kwa utaratibu. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi katika mwambao wetu, mkataba wa kukodi, yaani ijara, ukishafungwa umewafunga wote wawili, na udhuru wa mtu binafsi, kama kuugua au kubadili safari, hauuvunji. Mahanafi wamelipanua zaidi jambo hilo, wakakubali uvunjwe kwa udhuru. Lakini manufaa yenyewe yakiondoka, kama vile nyumba ikiporomoka, mkataba unaanguka na kodi ya siku ambazo hazijatumika inarudi kwa mwenyewe. Je, njia zikifungwa kwa watu wote, hilo linafanana na nyumba kuporomoka, au linafanana na udhuru wa mtu mmoja? Hapo, alisema, wenye elimu wana mazungumzo, na kila mwenye tatizo amuulize mwanachuoni anayemwamini.

Kisha akatukumbusha hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) amemkataza aliyemuuzia nduguye matunda, kisha matunda yakapatwa na janga, asichukue chochote kwake. Imamu Malik ameona kwamba muuzaji anawajibika kupunguza janga likifikia theluthi. Imamu Ahmad amewajibisha kupunguza. Imamu Shafi, katika kauli yake ya baadaye, ameona ni jambo la kupendekezwa. Tena imepokewa kwamba anayekubali kuvunja biashara kwa kumwonea huruma mwenziwe aliyejuta, Mwenyezi Mungu atamsamehe kuteleza kwake. "Hayo ni ya mwenye nyumba," alisema maalim. "Na mgeni naye ana yake. Suratul Baqara inamtaka mwenye kudai ampe muda mdaiwa aliye katika dhiki, na kusamehe ni kheri zaidi. Mzee wa Kiponda alikuwa mdaiwa aliyeomba muda, nanyi mlimpa. Mama wa Mkunazini hamkumpa nafasi hata ya kuomba."

Tulimuuliza kama tuna deni kwake. Alisema kwa hukumu hatuna, maana fedha ile haikupata kufika mikononi mwake na mgeni hakulala kwake. "Lakini Muislamu haishi kwa hukumu peke yake. Kuna ihsani. Nendeni mkakae naye."

Jioni, tukiwa njiani kwenda Forodhani kununua urojo kwa ajili ya watoto, tulipita mbele ya Beit al-Ajaib, ile nyumba ya ajabu ya Sultani Barghash ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 25 ya mwaka uleule, 2020. Mtoto wetu mkubwa, aliyekuwa amesikia maneno ya maalim, aliuliza kama waliokodi humo wangerudishiwa fedha zao. Tulicheka, tukamwambia ameielewa darsa vizuri kuliko sisi.

Usiku ule, kabla ya Isha, tulirudi Mkunazini. Tulimwomba mama radhi kwa kutompigia. Tulimletea pia bahasha, akaikataa, akasema fedha isiyo na kazi iliyofanywa hataipokea, ila kama tunataka kumfurahisha tulale kwake. Basi tulihamia kwake kwa siku tatu zilizobaki, na tulilipa kodi kamili mkononi mwake. Yale magodoro ya mwaka 2020 tuliyalalia sisi hatimaye. Asubuhi alitupikia mikate ya maji, na akina mama wakakaa naye jikoni mpaka jua likapanda, wakisimuliana harusi ambayo hakuiona.

Siku ya kuondoka tulimweleza nia yetu ya kurudi mwakani na ndugu wa Muscat, na kumwachia arbuni. Safari hii tulitaka maneno yawe wazi. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara tuandike tunapokopeshana kwa muda, na arbuni ya siku ambayo haijafika haiko mbali na deni. Mama alitoa daftari la shule, tukaketi barazani, mzee wa Kiponda akaitwa awe shahidi. Tuliandika kwamba mmoja wetu akiugua au tukighairi wenyewe, mama atabaki na kodi ya usiku mmoja kwa usumbufu wake na kurudisha iliyobaki. Tuliandika kwamba njia zikifungwa kwa watu wote, asaa Mwenyezi Mungu atuepushe, atarudisha yote, nusu ndani ya mwezi mmoja na nusu ndani ya miezi mitatu, ili asilazimike kuuza kitu.

Tungependa familia zinazotusoma zifanye hivyo pia kabla ya kulipa, iwe ni kwa mwenyeji wa mtaani au kwa kampuni ya mtandaoni. Someni masharti ya kurejeshewa fedha pamoja na vijana wenu, maana mara nyingi wao ndio wanaobonyeza. Ulizeni fedha inashikwa na nani na mpaka lini. Ulizeni itakuwaje mgeni akighairi, na itakuwaje safari zikifungwa kwa wote. Na mjue kwamba nyuma ya picha ya kitanda kilichotandikwa kuna mtu aliyekitandika.

Tulipodhani tumemaliza, mama alilivuta daftari kwake. Alisema limebaki sharti moja, tena hilo liwe juu ya mengine yote. Akalitaja, nasi tukaliandika kama alivyolisema, tukatia saini sote watatu: kabla ya mtu yeyote kuamua lolote, kwanza tupigiane simu.

Wabillahi tawfiq.